Jinsi ya Kuandika Uhakiki wa Filamu Iliyokuvunja Moyo: Mfano wa The Equalizer

Mtu akitaka kujifunza kuhakiki filamu, nisingemshauri aanze na filamu mbovu kabisa, kwa sababu katika filamu ya namna hiyo kila anachokigusa kina kasoro, na mwishowe huishia kuandika orodha ya lawama. Aanze na filamu iliyotengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, yenye mwigizaji mkubwa na fedha za kutosha, ambayo hata hivyo ilimwacha na kinyongo alipomaliza kuitazama. Ikiwa filamu hiyo imetokana na tamthilia ya zamani ya televisheni, ni vizuri zaidi, maana kuna kitu cha kuilinganisha nacho. Ila mitego nayo huongezeka, na mwongozo huu umekusudiwa kumwonyesha mwandishi jinsi ya kuikwepa.

Mfano nitakaoutumia ni The Equalizer ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Antoine Fuqua, ikaandikwa na Richard Wenk, na ambamo Denzel Washington anaigiza kama Robert McCall. Nimeichagua kwa sababu naipenda tamthilia iliyoizaa na namheshimu sana mwigizaji wake mkuu, na bado naamini kwamba filamu ile ilikiacha kidondoke kitu ilichokuwa nacho mkononi. Wasomaji wengi watanipinga, kwa kuwa filamu hiyo iliingiza takribani dola milioni 192 duniani kote na ikafuatiwa na nyingine mbili, mwaka 2018 na mwaka 2023. Mhakiki asiziogope takwimu za namna hii wala asizifiche. Azitaje mapema, akiri kwamba watu wengi walifurahi, kisha aendelee kueleza ni kitu gani yeye alikikosa.

Itazame tamthilia kwanza

Wahakiki wengi huteleza mapema kwa kuikumbuka tamthilia badala ya kuitazama. Mtu aliyeiona miaka ya 1980 hukumbuka muziki wa mwanzo, uliotungwa na Stewart Copeland, na lile gari jeusi aina ya Jaguar, akaamini kwamba anaijua kazi nzima. Kabla hujaandika neno lolote kuhusu filamu, rudi kwenye chanzo ukitazame kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

The Equalizer ya televisheni ilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 18 Septemba 1985 na ikamalizika Agosti 1989, ikiwa na sehemu 88 katika misimu minne. Walioibuni ni Michael Sloan na Richard Lindheim. Huna haja ya kuzitazama sehemu zote 88. Tazama ya kwanza, kisha mbili au tatu kutoka kila msimu, lakini usizichukue zilizofuatana tu, kwa sababu mwigizaji mkuu, Mwingereza Edward Woodward, alipata mshtuko wa moyo mwaka 1987 kazi ikiwa inaendelea, na mwigizaji Richard Jordan akaletwa kumpunguzia mzigo katika sehemu kadhaa. Mhakiki akiziangukia hizo peke yake atapata picha potofu ya kisa.

Unapotazama, shika daftari na ujiulize swali moja kwa kila sehemu: ni nani anayekianzisha kisa hiki? Jibu utakaloliandika, mara baada ya mara, litakuwa mtu mwenye shida. McCall ni mstaafu wa idara ya ujasusi, mwanamume wa makamo anayevaa suti na koti refu, ambaye ameweka tangazo gazetini. Tangazo lenyewe ni la maneno machache: linamwuliza msomaji kama ana tatizo na kama mambo yote yamesimama upande wa adui yake, kisha linampa namba ya simu, 212 555 4200. Simu inaita nyumbani kwa McCall, mashine ya kupokea ujumbe inaanza kuzunguka, na tunasikia sauti ya mtu asiyejua pa kukimbilia. Katika sehemu ya kwanza yumo mama anayefuatwafuatwa na mwanamume mwenye nia mbaya, shida ambayo polisi wa wakati ule hawakuwa na haraka nayo. Ngumi na bastola huja baadaye sana. Kwa dakika nyingi McCall anasikiliza, anauliza maswali, anapita mitaani akimtafuta mtu fulani mwenye deni la fadhila ya zamani kwake, na sisi tunazidi kumfahamu yule aliyepiga simu.

Jina lenyewe litakusaidia kuelewa. Kwa Kiswahili tungeweza kumwita McCall msawazishaji, na kila shabiki wa mpira anajua goli la kusawazisha ni lipi: ni lile linalofungwa na upande uliokuwa nyuma. Asiyekuwa nyuma hasawazishi. Kwa hiyo tamthilia ilihitaji, kila wiki, kutuonyesha kwa uangalifu jinsi mtu mmoja alivyoelemewa, mizani ilivyoinama na nani aliyeiinamisha, ndipo McCall aweke uzito wake upande wa pili. Naye mwenyewe alikuwa na deni lake. Mambo aliyoyafanya katika kazi ya ujasusi yalimkera moyoni, na uhusiano wake na mwanawe, Scott, ulikuwa umeharibika kwa miaka mingi ya kutokuwepo nyumbani. Alikuwa akiwasaidia wageni kwa sababu kuna watu aliowahi kuwaumiza. Woodward aliigiza majuto hayo bila kuyatamka sana, na mwaka 1987 alipewa tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo.

Chunguza pia tamthilia ilizaliwa katika mazingira gani, kwa sababu kisa cha mtu anayejichukulia sheria mkononi hakizuki hewani. Desemba 1984, abiria mmoja aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini New York, na baadhi ya wakazi wakamshangilia hadharani kana kwamba ni shujaa. Miezi tisa baadaye The Equalizer ikaanza. Picha zake za mwanzo zinaonyesha watu wenye hofu usiku jijini, kisha kivuli cha mwanamume aliyesimama mbele ya mwanga. Mtazamaji wa New York hakuhitaji maelezo, maana mwaka ule wa 1985 zaidi ya watu 1,300 waliuawa katika jiji lake. Hadi filamu inatoka mwaka 2014, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya 350. Hofu iliyoizaa tamthilia ilikuwa imepungua sana, na mwandishi wa filamu alilazimika kutafuta hofu nyingine. Andika hilo daftarini, kwa sababu utalihitaji.

Moyo wa kisa uko wapi

Ukishamaliza hatua hiyo, jaribu kuandika sentensi moja inayosema ni kitu gani kikiondolewa tamthilia inakufa. Andika sentensi moja tu, na usiendelee mbele kabla haijakuridhisha. Mimi niliandika hivi: mtu aliyeelemewa anaomba msaada, na mtu mwenye deni la moyoni anamwitikia. Ukitazama vizuri utaona kwamba sentensi hiyo haina gari, haina jiji, haina rangi ya ngozi ya mwigizaji wala lafudhi yake.

Moyo wa kisa si lazima uwe kwa shujaa, na hapa nitatoa mfano wa pili kwa ufupi. The Green Hornet, tamthilia ya mwaka 1966 hadi 1967 ambayo asili yake ni mchezo wa redio, ilimhusu mwenye gazeti tajiri anayepambana na wahalifu usiku akiwa amevaa barakoa. Iliendelea kwa msimu mmoja tu wa sehemu 26. Lakini dereva wake, Kato, aliigizwa na kijana aitwaye Bruce Lee, jina lisilohitaji utangulizi katika kibanda chochote cha video cha Afrika Mashariki, na watu wakaanza kuitazama tamthilia kwa ajili ya dereva. Filamu ya mwaka 2011 iliyotokana nayo ilijengwa kumzunguka tajiri, ikamfanya kichekesho, na mimi niliyekuwa nikimsubiri Kato nilimpata kwa vipande vipande. Mhakiki ambaye hajaandika sentensi yake ya moyo angedhani kosa la filamu hiyo ni vichekesho vyake.

Itazame filamu mara mbili

Mara ya kwanza itazame bila daftari, pamoja na watu wengine kama inawezekana, na uyasikilize wanayoyasema. Mara ya pili itazame peke yako, ukiwa na kalamu, ukiandika dakika ya kila tukio unalotaka kulitaja. Ikiwa mara ya kwanza uliiona katika nakala iliyotafsiriwa kwa sauti na wasimulizi wa vibandani, hakikisha ya pili ni nakala yenye sauti za waigizaji wenyewe. Nawapenda wasimulizi hao na nimekulia mikononi mwao, lakini msimulizi hodari huongeza maneno yake, huziba ukimya, na hufanya tukio bovu lichangamke. Utajikuta unamsifu au unamlaumu mwongozaji kwa kazi ya mtu mwingine. Katika The Equalizer jambo hili ni kubwa, kwa sababu uzuri wa nusu saa ya kwanza uko ndani ya ukimya.

Nieleze nusu saa hiyo kwa karibu, maana ndiyo inayofanya kuvunjika moyo kuwe na uzito. McCall huyu anaishi Boston, amefiwa na mkewe, na anafanya kazi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Hapati usingizi. Usiku wa manane huenda kwenye mgahawa uleule, hukaa meza ileile, huvipanga upya uma na kisu mpaka vinyooke, na kutoa mfuko wake wa majani ya chai alioukunja ndani ya leso ya karatasi. Anasoma kitabu, kwa sababu mkewe alikuwa ameanza kusoma vitabu 100 na hakuvimaliza. Hapo ndipo anapozungumza na Teri, msichana mdogo ambaye genge la Warusi linauuza mwili wake na ambaye anatamani kuwa mwimbaji. Chloë Grace Moretz ndiye anayemwigiza. Washington anaufanya mkono wake uwe mzito juu ya ile leso, kama mtu anayeogopa kwamba akiuacha huru utafanya jambo. Hakuna mlio wa risasi uliokwisha kusikika, na tayari tunajua kwamba huyu ni mtu wa hatari anayejizuia. Mhakiki mwadilifu lazima alisifu jambo kama hili kwa undani uleule atakaoutumia kulaumu.

Kisha Teri anapigwa mpaka analazwa hospitalini akiwa mahututi. McCall anakwenda kwa bwana wa genge, Slavi, akiwa na dola 9,800 ndani ya bahasha, na anaomba ampe uhuru msichana. Slavi anamdharau na kuzikataa. McCall anaelekea mlangoni, anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, anaufunga tena, na kwa sekunde chache tunaona mtu akishindana na nafsi yake. Halafu anageuka, anabonyeza saa yake ya mkononi ili apime muda atakaoutumia, na kuwaua wanaume watano kwa vitu alivyovikuta humo ndani.

Hapa usimamishe filamu. Kila filamu iliyovunja moyo ina mahali fulani inapogeuka, na ukipapata mahali hapo umepata nusu ya uhakiki wako. Katika filamu hii, mimi naamini ni pale. Siyo kwa sababu ya mauaji yenyewe, kwani McCall wa Woodward naye aliua. Ni kwa sababu ya ile saa. Saa inatuambia kwamba matokeo yalikuwa yanajulikana na kilichobaki kupimwa ni kasi. Kuanzia hapo mizani haijainamia tena upande wa maadui hata mara moja. McCall ni mwenye nguvu kuliko kila mtu atakayeingia katika kila chumba, na asiyekuwa nyuma, kama tulivyosema, hasawazishi.

Na Teri? Tukio hilo likiisha, anatoweka. Tulipoitazama filamu hii nyumbani kwa mara ya kwanza, tulifika mahali ambapo shehena ya mafuta ya genge inalipuliwa na McCall anatembea mbele ya moto bila kugeuka, na mdogo wangu, ambaye huwa hazungumzi katikati ya muvi, akauliza, “Kaka, yule binti yuko wapi?” Sikuwa na jibu. Filamu ina urefu wa dakika 132, na msichana aliyeianzisha analala hospitalini kwa sehemu kubwa ya dakika hizo, kisha anarudi karibu na mwisho kuja kushukuru. Nafasi yake imechukuliwa na Teddy, muuaji aliyetumwa na tajiri wa Moscow mwenye genge, anayeigizwa na Marton Csokas kwa ustadi, na filamu inakuwa hadithi ya wanaume wawili wanaowindana. Hii ndiyo hofu mpya iliyotafutwa kuziba pengo la ile hofu ya New York: genge kubwa, la mbali, ambalo hakuna mtazamaji anayekutana nalo akirudi kazini jioni. Swali kama la mdogo wangu liandike neno kwa neno. Mtu asiyehakiki mara nyingi hukitaja kilichopungua kabla yako.

Baada ya kupata mahali filamu ilipogeuka, fanya kazi ambayo wahakiki wengi huiruka: tafuta tukio linaloonyesha kwamba watengenezaji walijua njia iliyo sahihi. Mara nyingi lipo, na ndilo litakalokuokoa usionekane mtu wa kulaumu tu. Katika filamu hii yapo mawili. La kwanza ni la mama lishe, kwa lugha yetu: mfanyakazi mwenzake McCall, kijana mnene aitwaye Ralphie anayejitahidi apate kazi ya ulinzi, ana mama mwenye mgahawa, na mgahawa huo unabanwa na polisi wala rushwa, McCall anawapiga na kuwalazimisha wazirudishe fedha walizochukua. Kisa hicho kingetosha kuwa sehemu nzima ya tamthilia ya mwaka 1986.

La pili ni fupi zaidi, na kwangu ndilo tukio bora la filamu yote. Jambazi mwenye bastola analivamia duka na kumnyang'anya mwanamke wa kwenye kaunta ya malipo pete aliyoachiwa na mama yake. McCall anaisoma namba ya gari la jambazi likiondoka, kisha anakwenda kwenye rafu na kuchukua nyundo. Picha inakatika. Siku inayofuata, mwanamke anaifungua droo ya fedha na kuikuta pete yake, na kando kidogo McCall anaifuta nyundo kwa kitambaa na kuirudisha kwenye rafu. Hatukuonyeshwa hata pigo moja. Tulichoonyeshwa ni uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. Linganisha na dakika za mwisho, ambamo duka lilelile linageuzwa uwanja wa kuulia, kwa seng'enge, kwa drili, kwa bunduki ya misumari inayopigwa polepole chini ya maji yanayomwagika kutoka darini ili tusikose kuona kila msumari unavyoingia. Ni duka moja, rafu zilezile, vifaa vilevile. Ukiyaweka matukio haya mawili bega kwa bega katika uhakiki wako, hutahitaji kumwambia msomaji kwamba filamu ilipotea. Ataona mwenyewe.

Mabadiliko si makosa

Nitalipitia jambo hili kwa haraka, ingawa hasira nyingi za mashabiki huishia hapa. Jaguar haipo, jiji ni jingine, Mwingereza mweupe amekuwa Mmarekani mweusi, simu imekuwa barua pepe. Rudi kwenye ile sentensi yako ya moyo na upime kila badiliko dhidi yake. Kama halikigusi kilichoandikwa pale, liache lipite, au litaje kwa sentensi moja. Kuhusu mwigizaji, mimi ningekwenda mbali zaidi na kusema kwamba Washington, aliyekuwa na miaka 59 filamu ilipotoka, ndiye uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya. Yeye na Fuqua walikwisha kufanya kazi pamoja mwaka 2001 katika Training Day, iliyompatia Washington tuzo ya Oscar, na wanaaminiana. Kilichomwangusha si kubadilishwa kwa McCall bali kunyimwa watu wa kuwasaidia.

Kuna badiliko moja tu linalostahili aya nzima. Mwishoni mwa filamu, McCall anaweka tangazo kwenye mtandao na kupokea ujumbe wa mtu anayeomba msaada. Yaani filamu inaishia pale ambapo tamthilia ilianzia. Waliopenda watasema hii ni hadithi ya chimbuko la shujaa, na hoja hiyo ina haki yake. Itaje kwa heshima. Kisha mwulize msomaji swali la haki pia: dakika 132 zilitumika kwa lipi, ikiwa ombi la kwanza la msaada linalosikika waziwazi linafika wakati majina ya watengenezaji yanakaribia kupanda?

Uzito wa kujichukulia sheria mkononi

Uhakiki wa filamu ya aina hii haujakamilika ikiwa haujagusa maadili yake, na hapa mwandishi wa Kiswahili ana nafasi ambayo mwandishi wa Marekani hana. Sisi maneno “kujichukulia sheria mkononi” hatuyasikii kwenye muvi tu. Tunayasikia kwenye taarifa ya habari, pamoja na “wananchi wenye hasira kali”, na sote tunajua taarifa hiyo huishia wapi: kijana amelala barabarani, tairi pembeni, na siku mbili baadaye watu wananong'ona kwamba huenda siye aliyeiba. Usiogope kuandika hivyo. Si kwamba filamu iwe somo la uraia, bali msomaji wako anayo mizani hii kichwani na anastahili mhakiki anayeijua.

Ukifika hapo, chagua maneno kwa uangalifu. Nimesoma mtu akimwita McCall sungusungu, na nadhani neno hilo linapotosha. Sungusungu, lililoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni jeshi la jadi la wanakijiji wengi wenye viongozi na viapo vyao, wakiwakabili wezi wa ng'ombe. Waliwajibika kwa majirani zao, kwa mema na kwa mabaya. McCall hawajibiki kwa mtu yeyote. Tamthilia ililiona hilo kuwa tatizo, ndiyo maana ilimpa majuto, mtoto aliyemkasirikia, na mkuu wake wa zamani anayeitwa Control wa kubishana naye. Filamu ina tukio moja la namna hiyo, McCall anapowatembelea marafiki wa zamani, Brian na Susan Plummer, na Susan anatambua kwamba mgeni wake amekuja kuomba ruhusa zaidi ya kuomba msaada. Ni wazo zuri sana. Lakini ruhusa inapatikana pale pale, na baada ya hapo hakuna anayemwuliza McCall kitu.

Kuandika kwenyewe

Anza uhakiki kwa tukio, siyo kwa historia. Miaka, majina na idadi ya sehemu viingie kidogo kidogo pale vinapohitajika. Ningeanza na ile droo ya fedha na pete ndani yake, kwa kuwa tukio hilo ni fupi na haliharibu utamu kwa asiyeiona filamu. Muhtasari wa kisa usizidi aya moja, na usivuke mahali filamu ilipogeuka bila kumwonya msomaji. Ukilazimika kuuzungumzia mwisho, kama nilivyofanya hapa, sema mapema kwamba utafanya hivyo.

Kuhusu lugha, tumia maneno ambayo watazamaji wanayo. Mwongozaji, mwigizaji, skripti, sehemu, msimu na muvi yanaeleweka na kila mtu. “Steringi” ni neno la watu na lina maana ambayo “mhusika mkuu” halina, kwa sababu ndani yake kuna imani kwamba huyu hafi. Unapoandika kwamba steringi wa filamu hii hayuko hatarini hata kidogo, msomaji anaelewa mara moja tofauti kati ya kujua kwamba hatakufa na kutomhofia kabisa. Jihadhari na “filamu mbaya”, “filamu ya hovyo” na mengine ya namna hiyo. Hayaelezi kitu, na yanamtukana aliyeipenda.

Neno “imenivunja moyo” litumie mara moja tu, na ulihalalishe. Huwezi kuvunjwa moyo na kitu usichokitarajia, kwa hiyo msomaji aelezwe ulitarajia nini na matarajio hayo yalitoka wapi: kwenye tamthilia, au kwenye ahadi ambayo filamu yenyewe iliitoa katika nusu saa yake ya kwanza. Ikiwa matarajio yalitoka kwenye tamthilia peke yake, lawama yako ni nyepesi, kwani filamu haikukuahidi wewe chochote. Ikiwa filamu ndiyo iliyokuahidi, una haki ya kudai.

Hatua ya mwisho ni kumpa rasimu mtu aliyeipenda filamu. Mimi nilimpa mdogo wangu, yeye yule aliyeuliza kuhusu Teri, kwa sababu pamoja na swali lake aliimaliza filamu kwa furaha na ameitazama tena mara kadhaa tangu siku ile. Alisoma kimya mpaka kwenye aya ya duka, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba dakika za mwisho hazina maana yoyote. Akaweka kidole hapo. “Kaka, Ralphie alirudi kumsaidia,” akasema. “Alikuwa anaogopa, na akarudi.” Nikaitazama tena sehemu ile usiku huo na kumwona kijana mnene akijikaza kumburuta mwenzake aliyejeruhiwa, katikati ya giza na maji. Nikaifuta sentensi yangu, nikaandika kwamba katika dakika za mwisho kuna mtu mmoja tu aliyeelemewa kweli, na kamera haikai naye vya kutosha.